Hodi Tatu, Tenti Moja: Mzee Elkanah Odoyo Anarudisha Ufunguo wa Stoo

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, Mzee Elkanah Odoyo anarudisha ufunguo wa stoo ya Ndhiwa baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Tenti na Viti kwa miaka thelathini na mmoja. Ufunguo umelika meno, na mwenyewe pia, kwa hivyo wanaachana wakiwa sawa.

Kamati imeniomba mimi, Mong'ina wa upande wa sufuria na sahani, niandike wasifu huu kwa sababu nimekula chakula cha mchana na mstaafu kwenye benchi moja tangu nilipoajiriwa, na kwa sababu wale wenye diploma walipoombwa, kila mmoja alikumbuka kazi ya dharura. Mimi niliishia darasa la nane. Lakini mwandiko wangu unasomeka, na tumbo langu lilimzaa Emmah, ambaye anatengeneza programu za simu zinazotumiwa na hao hao wenye diploma. Mwenyekiti amenikumbusha kwamba leo si siku ya Emmah, nimtaje mara moja tu. Nimemtaja. Tuendelee.

Elkanah alipoanza kazi, viti vyetu vilikuwa vya mbao, vile vya kukunja, ambavyo vilibana watu mapaja hata asiyemjua marehemu akatoa machozi ya kweli. Hatukuwa na lori. Alivifunga kwenye baiskeli, akavisukuma hadi penye msiba, akavipanga, akakaa na wafiwa, akala, akasubiri watu wainuke ndipo arudi navyo. Kwa vile alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, familia nyingi zilidhani ni jamaa wa marehemu wa upande ule mwingine. Nyumba moja ya Homa Bay ilipogawa nguo za marehemu, na yeye akaitwa, akapewa shati la mistari ya kijani. Alilipokea kwa mikono miwili. Analo hadi leo, na nikimjua vizuri ndilo amevaa mnapomtazama hapo mbele.

Viti vya plastiki vilipokuja, vikaja na ugonjwa wa kupotea. Mazishi yanaisha, kiti kinabaki nyumba ya jirani kikikaliwa na babu. Elkanah hakugombana na mtu. Alikuwa anakwenda kusalimia kama mgeni, anakaribishwa kwenye kiti chetu chetu, anakunywa chai yote, anauliza habari za ng'ombe, halafu anainuka na kiti mkononi na kusema, "Asanteni kwa kiti." Tena alikuwa anabisha hodi tatu kabla ya kuingia, jambo lililowapa watu nafasi nzuri ya kukificha. Tulimshauri apunguze. Alikataa. Elkanah hupiga hodi tatu hata kwenye ofisi yake mwenyewe, mlango ukiwa wazi na ndani hamna mtu. Tuliuona kama wazimu mdogo wa mtu mzuri, tukauacha.

Kisha tukapata jenereta na spika, na hapo ndipo alipotoa mchango wake mkubwa kwa wananchi wa Homa Bay na Migori. Mwanasiasa akisimama kaburini na kuanza kueleza barabara alizojenga, Elkanah alionekana akitembea polepole kuelekea nyuma ya nyumba, na baada ya muda mfupi jenereta ikakohoa na kuzima. "Ina pumu," alikuwa akisema, akipangusa mikono kwa kitambaa. Pumu hiyo haikuwahi kumpata mjane akizungumza, wala watoto wa marehemu. Sifa zikaenea. Wafiwa wakawa wanakuja kuulizia tenti, wanamaliza, halafu wanashusha sauti: "Na yule mzee wa jenereta atakuwepo?" Mchungaji wangu mwenyewe, ambaye mahubiri yake huanzia bustani ya Edeni na kupumzika kidogo kwa Nuhu, akimwona tu Elkanah ameinuka, anasema Amina.

Ni yeye aliyefungua stoo yetu ya Sori na ile ya Homa Bay. Baada ya hapo akapandishwa cheo kuwa mkuu wa maagizo hapa Ndhiwa: mteja anakuja ama anapiga simu, Elkanah anapokea, stoo inapeleka.

Mwaka juzi Ushirika uliamua kwamba stoo ziache kupigiana kelele kwa simu na kutumia programu. Kazi hiyo ilipewa mtaalamu kijana, aliyesomea mambo hayo akafaulu kuliko wengi, ambaye wenzake walibaki Nairobi lakini yeye akarudi Homa Bay akisema hata mazishi ya nyumbani yanastahili programu nzuri. Jina lake nimeshalitaja mara moja na sitavunja ahadi.

Ilikuwa programu nyepesi. Elkanah anajaza mahali, siku, na tenti ngapi, halafu anabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa TUMA. Agizo linakwenda kwa stoo ya karibu yenye tenti. Ikiwa tenti yake imeshachukuliwa, linakwenda kwa stoo inayofuata. Stoo inapakia lori, basi. Tatizo likawa kidole. Kidole gumba cha Mzee Elkanah kimebeba viti vya mbao nusu ya maisha yake na kimechukua umbo la muhogo. Kikishuka kwenye kioo cha tableti, kilishuka mara tatu. Tulidhani ni uzito.

Agizo la kwanza lilikuwa la Mama Risper, nje kidogo ya Ndhiwa. Mume wake, fundi viatu, mtu wa kimya, alikuwa ameaga dunia, naye aliomba tenti moja na viti vichache kwa sababu hakutarajia watu. Asubuhi ya mazishi lori la Ndhiwa likafika. Kabla halijamaliza kushusha, lori la Homa Bay likapiga honi langoni, na nyuma yake likaja la Sori. Dereva wetu Wangwe, mtu wa Kegonga asiyependa maneno mengi, akapiga simu ofisini. "Mzee, hapa tunamzika nani?"

"Fundi viatu," Elkanah akamjibu.

Wangwe akahesabu malori upya. "Basi alikuwa na siri."

Kila dereva alikuwa na agizo lake, kwa hivyo kila dereva alisimamisha tenti yake. Kutoka barabarani, boma la fundi viatu likaonekana kama mkutano wa chama. Watu waliokuwa wakienda sokoni wakakata kona. Mwanasiasa mmoja aliona tenti hizo akiwa garini, akaingia na msafara wake, akamsifu marehemu kama rafiki yake wa tangu zamani, na akamwita kwa jina la mtu mwingine. Elkanah alikuwa ofisini Ndhiwa, jenereta ikafanya kazi bila pumu. Sufuria zangu zilikauka mapema mno. Mama Risper alinishika mkono jikoni akasema, "Min Emmah, mume wangu akiwa hai alitafutwa na wenye viatu vyao tu. Ona leo." Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, nikawa sijui nimsaidie lipi. Aliniita mama wa mtoto wangu, na jina hilo, mmeona, ni yeye aliyelitaja.

Lakini siku hiyo hiyo familia moja ya Sori ilimlaza marehemu mama yao juani, kwa sababu tenti yao ilikuwa Ndhiwa ikimwekea mwanasiasa kivuli. Hapo kicheko kiliisha. Mwenyekiti wetu, Bwana Nicanor, alikwenda mwenyewe kuomba msamaha, na wanaomjua wanajua hakuzoea.

Mtengenezaji wa programu, mnamjua, alisema kosa ni lake. Kitufe kinatakiwa kujua kwamba vidole vya watu haviko sawa. Akakifanya kikiguswa mara moja kigeuke kijivu na kisisikie tena. Dawa ikaonekana nzuri mpaka mvua iliponyesha. Mvua ikinyesha Ndhiwa, mtandao huingia ndani pamoja na kuku. Elkanah akabonyeza agizo la harusi moja ya Migori, kitufe kikawa kijivu, agizo likaning'inia hewani, na yeye kwa mara ya kwanza maishani akatii mashine. Hakubonyeza tena. Bibi harusi alikata keki chini ya mwavuli wa mama mkwe. Baada ya aibu hiyo Elkanah akajifunza hila: kitufe kikinyamaza, anafunga programu, anaifungua upya, anabonyeza tena. Malori yakarudi kukutana langoni.

Bwana Nicanor si mtu wa kupiga meza. Alisema kwenye kikao, taratibu kabisa, "Mkutano mkuu ukifika, kimoja kiwe kimeondoka. Programu ama kidole."

Nataka muelewe uzito wa maneno hayo. Elkanah alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Akiondolewa mezani angepelekwa uani kuosha viti, na alishasema kwamba siku hiyo atavaa kofia yake aende nyumbani bila kuagwa, kazi ya maisha yake iishie hapo, kwa kosa la kidole. Programu nayo ikitupwa, ilikuwa kazi ya kwanza ya Emmah hapa kwetu, na nani angempa ya pili baada ya kusikia habari za malori? Sawa, nimemtaja. Mama mwingine anayeweza kufika mpaka hapa bila kumtaja mtoto wake aje achukue kalamu.

Mimi nikawa nakula omena kila mchana na mtu ambaye ama mtoto wangu atamfukuza, ama yeye atamfukuzisha mtoto wangu. Tulikuwa tunazungumzia hali ya hewa. Omena haikuwa na ladha wiki hizo, na mpishi ni mimi.

Sabato moja alasiri Elkanah akaja nyumbani kwangu amevaa shati lake la marehemu. Nilikuwa nimekaa barazani, namwona tangu alipopinda kona ya ua. Emmah alikuwa kando yangu. Mlango ulikuwa wazi. Elkanah akasimama mbele yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumfunga vifungo, tukatazamana jicho kwa jicho, akasema, "Hodi. Hodi. Hodi."

"Karibu, Jaduong'," nikamwambia kwa heshima ya wazee, nikamsogezea kigoda.

Alikaa, akaweka kofia gotini, akasema amekuja kutuaga. Jumatatu ataacha kazi mwenyewe, mtoto asiharibiwe jina kwa sababu ya kidole cha mzee. Mimi nikaanza kumkatalia. Emmah hata hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama Elkanah jinsi mimi ninavyotazama sufuria iliyo karibu kufurika.

"Mzee, mbona umepiga hodi na ulikuwa unatuona?"

"Nyathina, mtoto wangu, nikiingia kimya si nitakuwa mwizi?"

"Na kwa nini mara tatu?"

"Ya kwanza watu wanadhani mtu amekohoa. Ya pili wanadhani jirani anaita mbuzi. Ya tatu ndiyo wanajua ni mimi." Akainua ule muhogo wake. "Na mtu anarudia kwa sababu hajajibiwa. Hiyo tableti yako naipigia hodi tangu siku ya kwanza. Haijawahi kusema karibu."

"Sasa mama akisikia hodi tatu, huwa anakuletea vigoda vitatu?"

"Nivikalie kwa makalio gani, haya haya?"

Emmah alianza kucheka akashindwa kuacha. Akasema alikuwa amefanya kazi ya kumfungia mgeni mlango, kumbe kazi yake ni kuifundisha nyumba kwamba hodi tatu za mtu mmoja ni mgeni mmoja, na kwamba akisikika ajibiwe. Akainuka kufuata kompyuta. Nikamshika sketi. Jua lilikuwa bado juu, na nyumbani kwangu hakuna kazi mpaka Sabato ifunge, hata kama kazi yenyewe ni ya kuwaokoa hao wawili. Basi tukakaa tukingoja. Elkanah, ambaye ni Mkatoliki, alitazama vilima akalalamika, "Hili jua lenu linatembea kama lori la Wangwe." Lilipogusa kilima tu, Emmah alishakuwa ndani.

Alivyofanya nitawaeleza kama alivyonieleza, na nimeelewa, kwa hivyo hakuna atakayeshindwa. Kila agizo sasa linazaliwa na alama yake, tangu Elkanah anapofungua ukurasa wa kujaza. Akibonyeza, linasafiri na alama hiyo. Akibonyeza tena, ni lile lile, linafika na alama ile ile, na upande wa pili wanasema huyu tumeshamkaribisha, na hakuna lori la pili linalowashwa. Mtandao ukikatika, agizo halining'inii. Linasubiri mvua ipungue na kujituma lenyewe. Ukifunga programu ukaifungua, unalikuta pale pale. Na kitufe hakinyamazi tena. Ukikigusa kinaandika "Umesikika, subiri kidogo." Stoo ikipokea, kinaandika "Karibu." Kwenye tableti ya Elkanah peke yake kinaandika "Karibu, Mzee." Hilo halikuwa kwenye makubaliano na Ushirika. Ni malezi.

Siku ya majaribio Elkanah aliruhusiwa kubonyeza atakavyo, na alibonyeza kama mtu anayetafuta bomba la maji chini ya ardhi. Akazunguka nyuma ya kinu cha posho, mahali ambapo simu hazishiki, akabonyeza huko. Bwana Nicanor akamnyang'anya tableti akaitwanga mwenyewe, kwa hasira zake zote za Sori. Likaingia agizo moja. Akauliza, na ni swali zuri kwa mwenyekiti, "Na mtu akitaka tenti mbili kweli?" Emmah akamwonyesha: anaandika mbili pale pa kuandika ngapi. Na akianza agizo jipya la mahali pale pale na siku ile ile, programu inamuuliza kwanza kama hili ni lingine ama ni lile lile.

Mkutano mkuu ulipofika, hakuna kilichoondoka. Elkanah akabaki mezani pake. Programu ikawekwa kwenye majaribio, na Bwana Nicanor akatamka mbele ya watu kwamba agizo la mwisho la Mzee Elkanah kabla ya kustaafu ndilo litakuwa mtihani wake. Lori likija moja, programu ni ya Ushirika. Yakija mawili, tunarudia kupigiana kelele.

Mstaafu sasa anarudi nyumbani kwa mke wake, Mama Monicah, kulima na kufuga. Mama Monicah ameniomba nisiandike kwamba mume wake hupiga hodi hata kwenye mlango wa chumba chao cha kulala. Sijaandika. Nimesema tu ameniomba.

Agizo lake la mwisho ni la leo. Jumatano aliketi, akajaza: kumuaga Elkanah Odoyo, uwanja wa stoo, Ndhiwa, tenti moja. Nje mvua ilikuwa inapiga, mtandao uko ndani na kuku. Akabonyeza kwa heshima zake zote, hodi, hodi, hodi. Akafunga, akafungua, akabonyeza tena makusudi, huku akinitazama. Akampa Wangwe naye abonyeze. Tukakaa tukisikiliza mabati. Mvua ilipopungua, kioo kikaandika: Karibu, Mzee. Elkanah akaipangusa tableti kwa kile kitambaa chake cha jenereta, akaiweka kwenye kabati, akatoka nje kidogo. Alisema anakwenda kutazama viti.

Kijitabu hiki kinapelekwa kuchapwa kabla lori halijaondoka stoo. Mhariri aliniomba niache nafasi wazi, tujaze ikishajulikana ni tenti ngapi zimefika. Nimekataa. Huyu mwenye programu nimemzaa mimi. Andika moja. Ninyi mnaosoma, inueni macho mtazame kitambaa kilicho juu yenu, mhesabu. Na kama mtaona ya pili ikishushwa langoni, msimsumbue Bwana Nicanor na hotuba yake. Mzee Elkanah anajua jenereta iko wapi.

Jaduong', tunakushukuru kwa kila kiti ulichopanga na kila ulichorudisha, kwa kivuli ulichowawekea watu siku zao mbaya, na kwa pumu. Tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya mteja, na shamba linalokuitikia. Ukitukumbuka, njoo. Bisha hodi zako zote, hata kama tunakuona. Utajibiwa, na kigoda kitakuwa kimoja.

Mong'ina, Sufuria na Sahani